Masikio ya mtoto ni amana: Tuchague vipi redio ya mtoto isiyo na kioo

Na Mwalimu wa Maarifa ya Uislamu, Tunduma

KATIKA mji wa Tunduma, kama ilivyo katika miji yetu mingi, mtoto mdogo wa leo analelewa na watatu: mama, dada wa kazi na simu. Mama anatoka alfajiri kuwahi sokoni au mpakani. Baba yuko safarini na lori, au yuko kwenye fremu yake ya duka mpaka usiku. Dada wa kazi ana nguo za kufua na chungu jikoni. Simu peke yake ndiyo yenye nafasi muda wote. Mtoto akilia anapewa simu, akikataa uji anapewa simu, wageni wakija anapewa simu ili atulie.

Sisi walimu wa madrasa tunayaona matokeo yake. Analetwa chuoni mtoto wa miaka mitano ambaye kidole chake kinajua kufungua simu na kutafuta katuni aipendayo, lakini hawezi kutulia amsikilize mwalimu akisoma Suratul Ikhlas mpaka mwisho. Nayo ni sura ya aya nne tu! Si kwamba mtoto huyo ni mtundu au hana akili. Amezoeshwa kwamba kila sekunde chache lazima kitu kiwake, kiruke na kibadilike rangi. Sauti ya mwanadamu peke yake, hata ikiwa nzuri namna gani, kwake haitoshi.

Wazazi wakielezwa haya huuliza swali la haki kabisa: "Ustadhi, tukimnyang'anya simu tumpe nini?" Makala haya yanajaribu kulijibu. Kipo kitu cha kumpa, nacho ni kifaa kidogo cha kusikilizia kisicho na kioo: redio ya memori kadi, spika ya Qur'an, au chochote cha namna hiyo. Lakini vifaa hivyo navyo vina ubora na ubovu wake, vina adabu zake, na vina mipaka yake. Mzazi akinunua bila kujua, ataongeza kelele nyumbani badala ya elimu.

Masikio yametangulizwa

Ndugu msomaji, ukiichunguza Qur'an utaona jambo la kuzingatia. Allah (SW) anapozikumbusha neema alizompa mwanadamu, katika Suratun Nahl aya ya 78, Suratul Mu'minun aya ya 78, Suratus Sajdah aya ya 9 na Suratul Mulk aya ya 23, anataja kusikia kwanza, kisha kuona, kisha nyoyo. Na katika Suratul Israa aya ya 36 tunaonywa kwamba masikio, macho na moyo, vyote hivyo vitaulizwa. Wataalamu wa uzazi nao wanatwambia kuwa mtoto huanza kusikia akiwa bado tumboni mwa mama yake, wakati macho yake hata baada ya kuzaliwa huwa bado hayaoni sawasawa. Sikio ndilo mlango wa kwanza kufunguliwa.

Katika Sahihi Bukhari imo habari ya Swahaba mdogo, Amr bin Salama (RA), ambayo sisi watu wa mpakani inatuhusu sana. Kabila lake lilikaa penye maji, mahali ilipokuwa ikipita misafara. Wapita njia walikuwa wakiulizwa habari za Mtume (SAW), nao wakieleza na kusoma yale waliyosikia kuwa ameteremshiwa. Mtoto Amr alikuwa akisikiliza, na maneno yale yakawa yananasa kifuani mwake. Makka ilipofunguliwa, baba yake alikwenda kwa Mtume (SAW) kupeleka Uislamu wa watu wake, akarudi na agizo kwamba awaswalishe yule aliyehifadhi Qur'an zaidi. Walipotazama, hawakumpata aliyemzidi mtoto huyo, naye akiwa na umri wa miaka sita au saba. Wakamtanguliza kuwa imamu wao.

Tuitafakari habari hii. Mtoto yule hakuwa na msahafu mkononi wala mwalimu wa kudumu. Alikuwa na masikio, na alikuwa anakaa kwenye njia wanayopita watu wenye maneno mema. Sasa Tunduma nayo ni njia. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia inapita katikati ya mji, reli ya TAZARA inapita, na malori ya kwenda Zambia na Kongo yanapanga foleni mbele ya milango yetu. Tangu mwaka 2019 Tunduma na Nakonde zina kituo cha pamoja cha huduma za mpakani, na pilikapilika ndizo maisha yetu. Mtoto wa hapa, kabla hajaanza shule, amekwishasikia Kiswahili, Kinyamwanga, Kinyiha na Kibemba. Amesikia pia muziki wa baa, vipaza sauti vya wauza dawa, na matusi ya watu waliochoka na foleni. Vyote vinanasa kifuani kama vilivyonasa kwa Amr. Mtoto hachagui kinachopita. Wa kuchagua ni mzazi, na Mtume (SAW) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga.

Sauti imekwisha fundisha

Wapo wanaodhani kusomesha kwa sauti iliyorekodiwa ni mchezo tu wa watoto. Historia inakataa. Mwaka 1961 Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri alikamilisha kurekodi Qur'an nzima kwa kisomo cha murattal, na mwaka 1964 ikaanzishwa Cairo redio maalumu ya Qur'an. Kisomo cha masheikh wa Misri kikaenea ulimwenguni kwa redio, sahani za santuri na baadaye kaseti. Ni Waislamu wangapi wa Tanga, Kigoma, Tabora na Mbeya waliojirekebisha matamshi kwa kaseti za al-Husary na Abdul Basit, wakati mji wao mzima una mwalimu mmoja wa tajwid au hauna kabisa?

Katika mambo ya shule, Kenya ilifundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa ya chini ya shule za msingi miaka ya mwanzo ya 1980. Zanzibar, kuanzia mwaka 2006, watoto wa maandalizi walifundishwa kwa vipindi vya redio vilivyoitwa Tucheze Tujifunze: redio inauliza, inanyamaza, watoto wanajibu, redio inaendelea, na mlezi yupo pamoja nao. Na watu wazima wa leo wanakikumbuka kipindi cha Mama na Mwana cha Redio Tanzania Dar es Salaam. Mtoto alikaa karibu na redio, akaisikia hadithi, na picha zake akazichora mwenyewe kichwani.

Tofauti ya sauti na kioo iko hapo. Kioo kinamfanyia mtoto kazi yote, kinamletea picha iliyokwisha pikwa. Sauti inamtaka afikiri. Akisikia kisa cha Nabii Yunus (AS) ndani ya tumbo la samaki, ni lazima alijenge giza lile yeye mwenyewe. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake Aprili 2019 kuhusu watoto walio chini ya miaka mitano. Halishauri kabisa mtoto asiyefikisha miaka miwili kuwekwa akitazama kioo, na kwa mwenye miaka miwili hadi minne linasema isizidi saa moja kwa siku, na pungufu ya hapo ni bora. Mtoto anapokuwa ametulia, shirika hilo linahimiza asomewe na asimuliwe hadithi na mlezi wake. Hayo bibi zetu waliyafanya kabla ya mwongozo wowote.

Vifaa vilivyopo

Nchi za Ulaya wamekwisha rudi kwenye jambo hili. Ujerumani kilitoka mwaka 2016 kijisanduku kiitwacho Toniebox: mtoto anaweka kisanamu kidogo juu yake na kinaanza kusimulia. Waingereza wana Yoto, ambayo inatumia kadi badala ya visanamu. Ndugu zetu walio ughaibuni wanaweza kuwaletea watoto kama zawadi. Ni vifaa vizuri, lakini mzazi wa hapa ajue mambo matatu. Vinahitaji intaneti ya nyumbani ili kuingiza vipindi. Maktaba zake zimejaa Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa. Na hicho cha visanamu kinaingia katika mjadala wa wanazuoni kuhusu sanamu, ingawa wengi wamewaruhusu watoto vitu vya kuchezea kwa ushahidi wa wanasesere wa Bibi Aisha (RA). Mwenye kutaka kuepuka shaka, achukue cha kadi.

Vilivyopo madukani kwetu ni vya aina nne. Ya kwanza ni redio ndogo ya memori kadi na flashi, ile wanayoitundika mafundi ujenzi. Ya pili ni spika ya Qur'an, ambayo huja na visomo vya maqari mbalimbali na wakati mwingine tafsiri. Ya tatu ni kalamu ya Qur'an inayosoma pale unapoigusisha kwenye msahafu wake maalumu. Hii inamfaa mtoto aliyeanza kuzijua herufi, na ikipotea au msahafu wake ukichanika, kimoja bila ya mwenzake hakifanyi kazi. Ya nne ni spika ya Bluetooth inayotegemea simu. Hii ya nne kwa mtoto mdogo siishauri, kwa sababu simu inabaki kuwa ndiyo bwana. Tena nyingi hazina namba ya siri, hivyo kijana wa jirani anaweza kuunganisha simu yake kwa bahati mbaya au kwa makusudi, na katikati ya Juzuu Amma ukasikia kingine.

Mambo nane ya kupima dukani

Kwanza, vitufe. Mtoto wa miaka mitatu au minne aweze mwenyewe kuwasha, kusimamisha na kupeleka mbele. Vitufe viwe vichache, vikubwa, vya kubonyeza. Kikiwa na vitufe ishirini, mtoto atakirudisha kwa mama kila dakika na mama atachoka.

Pili, kifanye kazi bila intaneti. Memori kadi inatosha kabisa. Qur'an nzima kwa kisomo cha murattal ni kiasi cha saa 30, na kwa kiwango cha kawaida cha kurekodi sauti ya mtu haijazi hata gigabaiti moja na nusu. Kadi ya gigabaiti 4 inabeba Qur'an, visa vya Mitume na qaswida, na nafasi inabaki. Usiuziwe kadi ya 64 kwa ajili ya redio ndogo. Nyingi ya redio hizo hazisomi kadi inayozidi 32. Isitoshe, kadi bandia zipo tele: juu imeandikwa 64, ndani ina 8, na ikijaa inafuta. Ijaribu kabla hujaondoka dukani.

Tatu, betri. Umeme ukikatika kifaa kiendelee. Tazama kama betri inatoka na kama inapatikana mtaani. Redio nyingi ndogo zinatumia betri ya BL-5C, ile ile ya simu za vitochi, ambayo haikosekani kwa fundi simu yeyote. Kifaa ambacho betri yake imezibwa ndani kwa gundi, ikifa na chenyewe kimekufa. Kichajiwe mchana watu wazima wakiwapo, wala kisilazwe kwenye chaja chini ya mto wa mtoto.

Nne, usafi wa sauti. Hapa kuna mtihani mwepesi kwa Muislamu. Nenda na kadi yako yenye Suratun Nas. Sura hiyo imejaa herufi sin, na mwishoni inakuja swad katika neno la vifua. Ukisikia sin inavuma kama upepo au huwezi kuitofautisha na swad, spika hiyo haifai kumfundishia mtoto, hata iwe na taa za rangi saba. Mtoto ataihifadhi herufi kama alivyoisikia, na mwalimu atatumia mwaka mzima kuing'oa.

Tano, ukubwa wa sauti. Vifaa vingi vya bei rahisi vimetengenezwa vipige kelele sokoni, sio chumbani. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa watoto ni desibeli 75 kwa saa zisizozidi 40 kwa wiki. Kwa kuwa hatuna mashine ya kupimia, tumia kipimo cha nyumbani: kaa hatua moja kutoka kwenye kifaa, zungumza kwa sauti yako ya kawaida. Kama mwenzako hakusikii mpaka upaaze, kimezidi. Visikilizio vya kuchomeka masikioni mtoto mdogo asipewe.

Sita, usalama wa mwili. Hili naomba mama wote walisome mara mbili. Spika nyingi za Qur'an huja na rimoti ndogo bapa, na ndani ya rimoti hiyo mna betri ya duara kama sarafu. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kumuunguza vibaya ndani ya saa mbili, na inaweza kumuua. Rimoti hiyo itoe kabisa mikononi mwa mtoto, uifungie kabatini au uitupe mahali salama. Ukishuku tu kwamba mtoto amemeza, usingoje aumwe: mkimbize hospitali saa hiyo hiyo. Tazama pia kama mfuniko wa betri ya kifaa chenyewe unafungwa kwa skrubu.

Saba, redio ya FM. Kifaa chenye FM si kibaya, lakini hapa mpakani kinaweza kukamata vituo vya pande zote mbili, na vidole vya mtoto havichagui. Kama mtoto atakaa nacho peke yake, kisicho na FM ni bora.

Nane, saa ya adhana. Baadhi ya spika za Qur'an huadhini zenyewe. Ni jambo zuri kwa malezi, lakini lina hatari ambayo watu wa huku wanaisahau. Tunduma iko magharibi mbali na Dar es Salaam. Jua la Tunduma linazama kati ya dakika 20 na 30 baada ya la Dar, kutegemea na msimu. Kifaa kilichopangwa kwa saa za Dar kitaadhini Magharibi huku jua letu bado linaonekana, na katika Ramadhani kitaifuturisha familia nzima kabla ya wakati. Upande wa pili wa mpaka, saa ya Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, na simu ikinasa mtandao wa Nakonde saa yake inaweza kurudi nyuma yenyewe. Kwa hiyo kama kifaa hakikuruhusu kupanga mji au nyakati zako, izime adhana yake na umzoeshe mtoto adhana ya msikiti wa mtaani.

Ndani ya kadi mwekwe nini?

Kifaa kizuri chenye kadi mbovu ni hasara. Wauzaji wengine wa kadi huchanganya Qur'an, mawaidha ya mabishano na nyimbo katika kadi moja. Anza na kadi tupu, na uweke vitu vichache. Qari mmoja anatosha, msomaji wa taratibu kama al-Husary. Kuna pia kisomo cha mafunzo cha Sheikh Muhammad Siddiq al-Minshawi ambacho watoto huitikia kila aya, na watoto wetu wanakipenda kwa sababu wanasikia sauti za wenzao. Weka Suratul Fatiha na sura kumi fupi za mwisho, sio misahafu minne ya maqari wanne. Mtoto hujifunza kwa kurudiwa, hivyo uchache ni faida kwake. Faili zipe namba 001, 002, 003, maana redio ndogo nyingi hupiga kwa mpangilio wa majina au wa kunakiliwa, na usipofanya hivyo Suratun Nas itafuatiwa na nusu ya Al-Baqarah.

Kuhusu qaswida, wanazuoni wametofautiana juu ya ala za muziki. Kwa mtoto mdogo, qaswida za sauti tupu au za dufu zinatosha, na ukinunua kwa wenyewe walioziimba utakuwa umewapa haki yao. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ipo, na kabla yake ipo amri ya kutokula mali ya mtu kwa batili.

Lakini hazina kubwa kuliko yote haiuzwi dukani. Rekodi sauti yako mwenyewe. Baba dereva anayekaa wiki mbili njia ya Lubumbashi, kabla hajaondoka, akae na simu yake dakika kumi. Arekodi dua ya kulala, dua ya kuamka, Ayatul Kursiyyu, na mwisho amtaje mtoto wake kwa jina na kumwambia anamwombea. Mama mfanyabiashara afanye vivyo hivyo. Bibi aliyeko Mlowo au Vwawa arekodi hadithi zake za kale, kwa Kinyiha au Kinyamwanga kama ndiyo lugha yake, maana lugha ni katika ishara za Allah kama ilivyotajwa katika Suratur Rum aya ya 22. Faili hizo zihamishwe kwenye kadi. Mtoto atalala akisikia dua kutoka katika kinywa cha baba yake, na baba akiwa foleni ya mpaka mwingine atakuwa bado ni mlezi.

Adabu ya kusikiliza

Hapa pana tatizo la kweli ambalo haifai tulifunike. Uzuri wa kifaa cha sauti ni kwamba mtoto anaweza kusikiliza huku akicheza. Lakini katika Suratul A'raf aya ya 204 tumeamrishwa kwamba Qur'an inaposomwa tuisikilize na tunyamaze. Wanazuoni wengi wameeleza kuwa uzito wa amri hiyo uko katika swala, nyuma ya imamu, lakini nje ya swala pia inabaki kuwa ni adabu kubwa. Je, Qur'an iunguruma kutwa nzima huku watoto wanagombania mpira, dada anafokea, na jirani anasimulia habari za harusi? Mtoto anayekua hivyo atajifunza kwamba Qur'an ni kelele ya nyuma, kama ya feni.

Mtume (SAW), ambaye Qur'an iliteremshwa kwake, alimtaka Abdallah bin Masoud (RA) amsomee, akasikiliza Suratun Nisaa mpaka aya ya 41, na macho yake yakabubujika machozi, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim. Huko ndiko kusikiliza. Kwa hiyo tugawe. Wakati wa mchezo, mtoto asikilize visa, hadithi na qaswida. Qur'an iwe na wakati wake mfupi: dakika tano au kumi baada ya Magharibi na kabla ya kulala, watu wametulia, na mzazi amekaa hapo hapo. Kifaa kizimwe anapoingia chooni, na kizimwe watu wanapoanza kuzungumza. Kitendo cha mzazi kunyoosha mkono na kuzima kwa heshima ni darasa peke yake.

Wanaopinga

Wapo wasemao: "Qur'an huchukuliwa kutoka katika kinywa cha mwalimu, si katika mashine." Wamesema kweli, na mimi mwalimu ni wa kwanza kuwaunga mkono. Mashine haimsikii mtoto, kwa hiyo haiwezi kumrekebisha. Kazi yake ni kulizoesha sikio na kurudia alichokwisha pewa na mwalimu. Mzazi anayenunua redio kisha akamwondoa mtoto madrasa ameuza ng'ombe akanunua kengele yake.

Wengine husema: "Mbona simu ipo, si naweka Qur'an na kuigeuza kioo chini?" Utaigeuza mara ngapi? Simu inaita, inaleta ujumbe wa pesa, na unapokwenda sokoni unaondoka nayo, naye mtoto anabaki bila kitu. Na anajua kabisa kuwa chini ya hiyo Qur'an kuna katuni.

Wapo pia wasio na uwezo. Kwao nasema, wasithubutu kuchukua mkopo wa kausha damu kwa ajili ya redio ya mtoto. Hakuna baraka katika Qur'an inayosikika kwa pesa ya riba. Sauti ya mama haichajiwi wala haina kadi. Madrasa zetu nazo zina nafasi ya kusaidia. Kamati ya msikiti inaweza kununua vifaa vitano tu, vikaazimwa kwa zamu wiki moja moja kama vitabu vya maktaba. Mwalimu akawa na kadi mama aliyoihakiki, yenye somo la mwezi huo, na kila mzazi akaja kunakiliwa bure. Kwa namna hiyo kinachosikika nyumbani kitakuwa kile kile kinachosomwa chuoni, na mtoto hatavutwa huku na huku.

Ndugu Waislamu, katika Suratut Tahrim aya ya 6 tumeamrishwa kuziokoa nafsi zetu na watu wa nyumbani mwetu na moto. Amri hiyo haikuwaacha watoto mpaka wafikishe umri wa shule. Jioni ya leo, kabla hujampa simu ili atulie, mwite mtoto wako akae karibu, umsomee Suratul Ikhlas mara tatu kwa sauti yako. Ukipata uwezo wa kununua kifaa, kinunue kwa vipimo tulivyovitaja. Usipopata, endelea kumsomea. Allah atujaalie masikio ya watoto wetu yawe njia ya kheri, kama yalivyokuwa ya Amr bin Salama.

Wabillahi Tawfiq.